Hague: tutoke, tubaki, au haituhusu?

Langoni Juu
Jamani, nauliza kwa nia njema. Septemba 2013 Bunge letu la Kenya lilipitisha hoja tujitoe kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague. Mpaka leo tumo. Burundi ilitoka 2017 na haijafa. Marekani, Urusi na China hazimo na hakuna wa kuziuliza. Kesi zetu ziliishaje? Ya Uhuru mashtaka yaliondolewa Desemba 2014, ya Ruto na mtangazaji Sang ikavunjwa Aprili 2016. Waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya elfu moja, wamelala na haki zao. Na mahakama hiyohiyo ndiyo iliyotukatia bahari yetu ya Kiunga, pale mpakani, 2021 ikampa Msomali. Hii haki ya kimataifa ni ya nani? Mimi nasema tutoke.

Kanzu Mbili
Ami, zote ziko Hague lakini si mahakama moja. Ile ya jinai inashtaki mtu, ilianza kazi Julai 2002. Iliyoamua ya bahari ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ya Umoja wa Mataifa, ambayo kesi zake ni za dola na dola. Ukitoka kwenye moja hujatoka kwenye nyingine. Tena hukumu ya Oktoba 12, 2021 haikumpa Somalia kila alichoomba. Yeye alitaka mstari wa katikati, sisi tukataka uende sambamba na ikweta, majaji wakachora wa kwao, ukasogea kaskazini kidogo ya ule wa Somalia.
Halafu kuhusu kutoka: Ufilipino ilitoka 2019. Machi 2025 rais wao wa zamani, Duterte, akakamatwa uwanja wa ndege Manila akapelekwa hukohuko Hague, kwa mauaji yanayodaiwa kutendeka wakati bado ni wanachama. Kwa hiyo kutoka kunamsaidia nani?

Langoni Juu
Asante kwa darasa. Mvuvi wa Kiunga akizungukwa na boti ya upande wa pili atamweleza nahodha wao tofauti ya mahakama mbili?

Binti Koyama
Mimi nimeganda kwenye hilo "ikampa Msomali". Sisi Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, kusini mwa Somalia, ni nani kwenye hesabu yako? Babu yangu alizaliwa chini ya Muingereza. 1925 Jubaland ikakabidhiwa Italia, mzee akaamka Mtaliano bila kuhamisha hata mkeka. Serikali ya Mogadishu ilipoanguka 1991 tukapakiwa jahazini usiku, mimi mdogo nimefungwa leso kiunoni mwa mama ili nisianguke baharini. Mkataba wa 1951 wa wakimbizi unasema mtu harudishwi kule anakokimbia kifo. Hiyo ndiyo sheria ya kimataifa unayoitaka tuipe kisogo, na ndiyo iliyonifanya nikasoma.

Langoni Juu
Sikusema Wabajuni. Nimesema Somalia. Usinitilie maneno mdomoni.

Binti Koyama
Ulichoandika kiko juu hapo, sogeza kidole usome.

Kizingo Pepo
Kuamka Mtaliano ndiyo nini? Malindi wanaishi na Wataliano, wanaamka Wataliano kila siku na hawajawahi kulia. Hata muuza madafu anakuaga kwa "chao". Hao mkiwauliza haki za binadamu watadhani ni aina ya piza 😂

Malindi Ngomeni
Mtu wa Amu, yaani Lamu, akiishiwa hoja hurukia Malindi. Bwana, 2023 sisi tulisimama msitu wa Shakahola tukihesabu miili ya waliofungishwa njaa na mhubiri ikitolewa ardhini, ikapita mia nne. Watoto wamo. Usinifanyie mzaha wa piza kwenye mambo haya. Na Shakahola haikuwa ya kungoja Hague wala Geneva, ilikuwa ya mtu mmoja mwenye cheo kusikiliza mapema. Nyinyi huko mna nini zaidi ya punda?

Kizingo Pepo
Nilitania Wataliano, si marehemu. Lakini punda umewagusa vibaya. Punda wa Amu ana zahanati yake, anatibiwa bure, anapewa dawa ya minyoo. Wewe Malindi ukiumwa unatibiwa bure?

Malindi Ngomeni
Kumbe punda ana haki kuliko mwenye punda. Hongereni.

Mzee wa Mkomani
Wanangu, yeo mumeanza na Hague mumefika kwa punda. Mimi nina neno moja. Agosti 2010, siku ya kuzindua Katiba mpya, Bashir wa Sudan alikuja Nairobi. Hati ya kumkamata ipo, sisi ni wanachama, na alikaa jukwaa la wageni akaondoka salama. Aprili 2025 Netanyahu, naye ana hati tangu Novemba 2024, akaenda Hungary, nti mwanachama, akapigiwa gwaride. Basi musiseme wakubwa peke yao ndio waivunjao sheria hiyo. Na sisi tumo.

Langoni Juu
Mzee wetu, hapo ndipo ninapolia. Kama kila mtu anaivunja, ya nini?

Jua la Mokowe
Hilo la punda msiliache lipite. Punda ana zahanati, mvuvi ana karatasi ya hukumu. Aprili 30, 2018 Mahakama Kuu ilisema mradi wa bandari ya Lamu pale ghuba ya Manda umevunja haki zetu: mazingira, utamaduni, haki ya kupewa habari. Wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Serikali ikakata rufaa, baadaye wakaketi, wakakubaliana sehemu taslimu na sehemu zana za kuvulia. Nani hapa ameshika hela mkononi? Ajitokeze tumuone.

Kanzu Mbili
Hilo ndilo nililokuwa nakuja nalo. Hukumu ile ni ya Kenya, lakini Katiba ya 2010, kifungu 2(6), inasema mkataba tulioridhia ni sehemu ya sheria yetu. Haki ya kimataifa haikai Hague peke yake. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda kesi ya ardhi yao kwenye mahakama ya Afrika, Arusha, Mei 2017, na Juni 2022 ikaagizwa walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85.

Jua la Mokowe
Na wewe sheikh kila ukijibu unatutajia tarehe. Nimeuliza hela.

Kanzu Mbili
Hela iulize Hazina, mimi sishiki ufunguo.

Bi Faza
Nimewasoma wote, na wote mnasema "mvuvi", "mvuvi". Shangazi yangu amechokoa pweza tangu hajaolewa. Bamvua likija, maji yakipwa, anatoka alfajiri na mchokoo wake na ndoo, anatembea juu ya mwamba mpaka maji yanarudi kumfika magotini. Aliwasomesha wanawe watatu kwa pweza. Alipokuja mtu kuandika majina ya fidia ya bandari alimuuliza, "Chombo chako kiko wapi?" Hana chombo. Ana miguu. Hakuandikwa.

Jua la Mokowe
Bi Faza, pole, lakini pia tuseme kweli. Kuna walioandikwa hawajui hata kamba ya nanga inafungwa wapi. Ukiongeza na wa pweza, orodha itafika wapi? Hesabu ni ileile, mgao unapungua.

Bi Faza
Aaa, sasa ndiyo mmefika. Hapo juu ulikuwa unalilia haki, imeguswa sahani yako imekuwa mgao.

Jua la Mokowe
Sikusema hivyo.

Binti Koyama
Leo hakuna aliyesema alichosema.

Langoni Juu
Naomba turudi kwenye mada. Tutoke Hague au tubaki?

Malindi Ngomeni
Hague ikae pembeni, tunamaliza la pweza. Bi Faza, kule kwetu Mayungu nako wapo wanawake wa hivyo, najua unachosema.

Kanzu Mbili
Bi Faza, shangazi ana hoja kisheria. Mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake tuliuridhia 1984, na kifungu cha 14 kinataja wanawake wa mashambani na kazi wanazozifanya kulisha nyumba zao, hata zile zisizolipwa.

Bi Faza
Mwambie huyo 1984 aende akamwandikishe, basi. Mimi ninachotafuta ni mtu aliyekuwepo siku ile majina yanaandikwa, aliyesikia kwa masikio yake akiulizwa chombo. Nina wawili tayari, mmoja anaogopa kwa sababu mumewe yumo kwenye orodha. Nikipata wa tatu tunakwenda kwa wakili. Kama yupo anayesoma hapa, anitafute kando, sitaki jina lake lionekane.