Tunalipia gemu kwa fedha halali, kisha tunaambiwa si mali yetu

Wakuu, salaam.

Nimenunua diski ya gemu ya mpira kwa bei inayokaribia kodi ya chumba ya mwezi mzima. Nilipoiweka kwenye mashine, nilitakiwa kwanza kupakua masasisho yaliyomaliza bando langu lote kabla mpira haujaanza. Baada ya hapo nikatakiwa kufungua akaunti, na baada ya akaunti nikaarifiwa kwamba sehemu niliyoitaka zaidi haichezeki bila intaneti. Muuzaji nilipompigia simu alijibu kuwa ndivyo zilivyo siku hizi, akakata.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya gemu vya Dar es Salaam tunajua kuwa hazikuwa hivyo. PlayStation 2 (PS2), mashine ya gemu iliyoingia sokoni Japani mwaka 2000, ilihitaji umeme, televisheni na CD, basi. Winning Eleven, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, ilikuwa nzima ndani ya diski, na memori kadi ya megabaiti 8 tu ilitosha kutunza ligi ambayo mtu aliihangaikia likizo nzima, akatembea nayo mfukoni na kwenda kuichomeka kwenye kibanda cha mtaa wa pili. Tulibanana kwenye benchi moja, aliyefungwa akampisha anayengoja, na aliyechukua timu ya Inter ya Italia kwa ajili ya mshambuliaji wake Adriano alizomewa na kibanda kizima, kwa sababu shuti la mguu wake wa kushoto halikuwa na kipa. CD ikikwaruzika ilipakwa dawa ya meno, ikafutwa kwa fulana, ikasoma. PlayStation ya kwanza iliyochoka lenzi tuliigeuza juu chini, nayo ikakubali. Najua atatokea mtu wa kunikumbusha kwamba CD nyingi za vibandani zilikuwa za kunakiliwa. Ni kweli, ila leo ninalipa halali na ninapewa pungufu ya nilichopewa wakati ule.

Wanaodhani ninalalamikia bando tu watazame yaliyowapata wanunuzi wa The Crew ya Ubisoft. Gemu hiyo ya magari ilitoka Desemba 2014, na ingawa sehemu kubwa yake mtu angeweza kuiendesha peke yake bila kushindana na yeyote, ilitengenezwa isiwake kamwe bila kuunganishwa kwa intaneti na seva, yaani kompyuta kuu, za kampuni. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, hata mwenye diski mkononi alibaki na kipande cha plastiki. Gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas nayo, ambayo wengi wetu tuliicheza huku misimbo ya silaha na magari imeandikwa nyuma ya daftari la hesabu, ilipunguziwa baadhi ya nyimbo za redioni katika toleo la kompyuta mwaka 2014 kwa kuwa leseni za muziki zilikuwa zimekwisha muda. Diski ya PS2 ya mwaka 2004 haikuguswa na mtu, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuifikia ikiwa kwenye droo yako!

Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu, ambayo inaweza kufutwa. Huku kwetu maelezo hayo tunayapata kwenye kioo cha televisheni, fedha ikiwa imeshatoka na kasha limeshafunguliwa, na ukirudi dukani unaambiwa kuwa bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi.

Ninachodai ni kidogo: kila duka linalouza gemu liandike kwenye kasha ukubwa wa kinachopaswa kupakuliwa, na kama itacheza au haitacheza bila intaneti. Kama nawe yamekukuta, taja gemu, aina ya mashine, ulichoambiwa dukani, na kama ulirudishiwa fedha yako. Wanaokuja na "kanunue bando" wapite tu.