Uhamisho huru NCAA: timu ndogo zimenufaika au zimechunwa?

Dunda_Keko

Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaofuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani chini ya NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko), wanaume, Division I, yaani daraja la juu. Kwenye mtoano wa Machi timu hugawanywa kanda nne, na kila kanda hupangwa kwa ubora, namba 1 hadi 16. Machi 2022 Saint Peter's, waliopangwa namba 15, walifika 8 bora. 2023 Fairleigh Dickinson (FDU), namba 16, wakamtoa Purdue namba 1, na Florida Atlantic namba 9 wakaingia 4 bora. Ikaja 2025: 4 bora ni namba 1 watupu, Auburn, Duke, Florida na Houston, na 16 bora nzima imetoka konferensi (ligi za vyuo ndani ya Division I) nne tu. Kila mchambuzi analaumu uhamisho. Lakini ruhusa ya kuhama na kucheza papo hapo ilitoka 2021, kabla timu ndogo hazijatamba. Inakuwaje sheria ileile izae matokeo mawili yanayopingana? Na mtu akitaka kupima badala ya kubishana, apime nini?

benchi_la_tatu

Si sheria ileile, mkuu. Potali ya uhamisho, yaani mfumo wa mtandaoni wa kuorodhesha wanaotaka kuhama, ilifunguliwa Oktoba 2018, ila ilikuwa orodha tu. Ukihama bado ulikaa nje msimu mzima. Aprili 2021 ikaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje. Julai 1 mwaka huohuo zikaanza pesa za NIL, yaani mchezaji kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho huko West Virginia ikasimamisha kizuizi cha wanaohama mara ya pili, na Aprili 2024 NCAA wakakiondoa: hama utakavyo, mradi masomo yako yako sawa. Juni 2025 ikaidhinishwa suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA, na tangu Julai chuo kinaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja, ukomo ukiwa takribani dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo msimu wa 2025-26.

Kifungo cha kukaa nje ndicho kilikuwa ukuta wa timu ndogo. Kocha anayetafuta mlinzi wa kushinda naye Machi inayofuata hakuwa na haja na mtu atakayeingia uwanjani baada ya mwaka na nusu. Ukuta ulipoanguka, miaka ya mwanzo pesa zilikuwa hazijajipanga, kwa hiyo hata wadogo walichota. FDU walitoka msimu wa 4-22. Kocha mpya Tobin Anderson akaja na watatu aliokuwa nao St. Thomas Aquinas ya Division II (daraja la chini yake), Demetre Roberts, Grant Singleton na Sean Moore, wakamwangusha Purdue 63-58. Huo nao ni uhamisho, ila watu wanausahau kwa sababu ulimnufaisha mdogo.

Angalia pia kalenda. Mchezaji anaarifu ofisi ya chuo inayosimamia kanuni, anamaliza somo fupi la mtandaoni, na chuo kina siku mbili za kazi kuliingiza jina lake kwenye potali. Jina likishaingia, chuo kinaweza kusitisha ufadhili wake mwisho wa muhula. Mwaka 2025 dirisha lilikuwa Machi 24 hadi Aprili 22, maana yake lilifunguliwa 16 bora ikiwa bado haijachezwa. Kanuni inamkataza kocha kuzungumza na mchezaji kabla jina halijaingia. Ukiona mtu anaingia Jumatatu na Jumatano ameshasaini, jiulize mazungumzo yalifanyika lini.

Nyavu_Nyeupe

Naongezea mkondo wenyewe wa wachezaji, maana hapo ndipo penye jibu. Mabingwa wa 2025, Florida: Walter Clayton Jr. alitoka Iona, Will Richard alitoka Belmont, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, ileile ya 4 bora ya 2023. Auburn walikuwa na Johni Broome kutoka Morehead State. Yaani timu ndogo inamgundua kijana, inamlea, inampa dakika za kukosea, halafu akishaiva anacheza kwa mwingine. Hakuna ada ya uhamisho kama kwenye soka la kulipwa. Simba wakimuuza mtu nje wanabaki na chochote cha kununulia mbadala. Iona hawakupata kitu. Kwangu hili ndilo tundu kubwa kuliko uhuru wenyewe wa kuhama. Sasa baadhi ya vyuo vinaweka kwenye mikataba ya malipo kifungo cha fidia mchezaji akiondoka mapema, lakini timu inayolipa kidogo haina mkataba wa maana wa kuegemea.

Mkondo wa kushuka upo. Vladislav Goldin alitoka Texas Tech akaenda Florida Atlantic, akawa nguzo ya ile 2023, kisha 2024 akamfuata kocha Dusty May hadi Michigan. Alishuka, akaiva, akapanda tena. Ndiyo maana kusema "wakubwa wanachukua, lakini wadogo wanapata wa benchi" hakutoshi. Anayeshuka ni mtu wa kubahatisha, anayepanda ameshathibitika.

Na makocha ndio wabebaji wakubwa. Ben McCollum alitoka Northwest Missouri State ya Division II akaenda Drake na wachezaji wake wanne, akiwemo Bennett Stirtz. Walimaliza 31-4 na kumtoa Missouri raundi ya kwanza ya 2025. Mwezi huohuo McCollum akachukuliwa na Iowa, Stirtz na wenzake kadhaa wakamfuata. Drake walikuwa na kikosi hicho msimu mmoja tu.

Hesabu_za_Ribaundi

Kuhusu kupima: usianze na mashindano ya Machi. Ni michezo 67, mtoano, na mitupo michache ya pointi tatu ya bahati inaweza kugeuza mwaka mzima. Jack Gohlke wa Oakland, naye katoka Division II, alitia mitupo 10 ya pointi tatu dhidi ya Kentucky mwaka 2024. Hilo halisemi lolote kuhusu usawa wa ligi.

Fanya hivi. Kwanza, ndani ya konferensi: chukua asilimia ya ushindi ya kila timu, tafuta mchepuko sanifu (kiasi ambacho asilimia hizo zimetawanyika), kisha gawanya kwa 0.5 ÷ √n, yaani mchepuko ambao ungetarajiwa timu zote zikiwa sawa, n ikiwa idadi ya michezo ya kila timu. Kwa michezo 18 kigawanyo ni 0.118. Mchepuko halisi ukiwa 0.20 unapata 1.7. Kadiri inavyosogea 1, ndivyo timu zinavyolingana. Kosa la kawaida ni kuifanya hesabu hii kwa timu zote za Division I kwa pamoja. Ziko zaidi ya 350 na hazichezi ratiba zinazofanana, jibu litakudanganya.

Pili, kati ya konferensi: tumia tofauti ya pointi kwa kila mashambulizi 100, iliyorekebishwa kwa ugumu wa wapinzani. Pata wastani wa kila konferensi, linganisha miaka. Pengo likipanuka hapa huku kipimo cha kwanza kikishuka kwenye konferensi kubwa, basi wakubwa wanalingana wao kwa wao na wanawaacha wengine. Mimi naamini ndiko tunakoelekea.

Tatu, mwendelezo wa kikosi: mchezo usio na muda wa nyongeza una dakika 200 za wachezaji. Jumlisha dakika za msimu uliopita za waliobaki, gawanya kwa dakika zote za timu. Tenganisha aliyehitimu na aliyehama, la sivyo unalaumu potali kwa kazi ya kalenda.

Tahadhari mbili. Waliocheza 2020-21 walipewa msimu wa ziada kwa sababu ya Covid, hivyo hadi 2024-25 kulikuwa na watu wa mwaka wa tano, Broome akiwa mmojawapo. Nyingine ni hiyo 16 bora ya konferensi nne: Houston na BYU waliingia Big 12, mojawapo ya hizo nne, mwaka 2023 tu. Wangebaki walikokuwa, sentensi yako ya "konferensi nne" isingeandikika.

Dunda_Keko

Hiyo ya Houston na BYU sikuiwaza kabisa. Swali la mwisho: hawa vijana wa Afrika walioko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, nao wanahama kirahisi hivyo?

benchi_la_tatu

Kuhama wanahama. Rueben Chinyelu wa Nigeria alitoka Washington State kwenda Florida 2024, akatwaa ubingwa. Kwenye makaratasi, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani inaweka tarehe ya kuachia rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), kisha chuo kipya kinatoa I-20 mpya, hati inayothibitisha udahili wake. Wanapokwama ni pale rekodi inapoachiwa kabla chuo kipya hakijathibitisha udahili, au kijana anaporudi nyumbani likizo na viza imeisha muda.

Shida kubwa ni pesa. F-1 inabana kazi nje ya chuo, na ya ndani ni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ndiyo maana wengine hupiga matangazo yao wakiwa nje ya Marekani. Kijana wa Nigeria au Sudan Kusini asikubali ahadi ya NIL kabla mwanasheria wa uhamiaji hajausoma mkataba, na asitegemee mwanasheria wa timu peke yake.

Nyavu_Nyeupe

Na aulize krediti zake ngapi zinapokelewa. Anayehama mara tatu anaweza kukuta nusu ya masomo hayaingii kwenye shahada mpya, na ruhusa ya kucheza papo hapo inategemea hayo masomo.