Ndege warukao hutoka na ukungu katika picha zangu

Swali:
Ndugu zangu, kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitoka alfajiri kwenda mashambani kupiga picha za ndege kwa lenzi ya milimita 400. Ndege aliyetua hutoka vizuri, lakini akiruka tu, mabawa yake huwa na ukungu. Je, nibadilishe lenzi?

Jibu la kwanza:
Lenzi yako inatosha. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea nuru: korongo, ambaye hupiga mabawa polepole, hunaswa vizuri kwa 1/1000 ya sekunde, ilhali mbayuwayu huhitaji 1/3200 au zaidi. Kwa kuwa nuru ya alfajiri ni hafifu, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, bila woga, maana chengachenga zitakazojitokeza kwenye picha huweza kupunguzwa baadaye, lakini ukungu wa mwendo ni vigumu mno kuuondoa. Aidha, ndege hupenda kuruka wakielekea upepo unakotoka. Basi simama upepo na jua vikiwa mgongoni mwako, nao watakujia uso kwa uso.

Jibu la pili:
Nakubaliana na mwenzangu, ila naomba niongeze jambo linalonigusa sana. Usimfurushe ndege kwa makusudi ili upate picha, hasa karibu na kiota, kwani mayai yaliyoachwa wazi huweza kupoa na makinda huwa windo rahisi. Keti, tulia, mtazame kwa darubini. Mara nyingi atainama au kujisaidia muda mfupi kabla ya kuruka.

Muulizaji:
Asanteni sana. Nilikuwa nikitumia 1/500. Kesho nitaanza na 1/2000.