Maumivu ya neva za nyonga, wenzangu mnafanyaje?

mama_mikindani: Jamani habari zenu. Mwaka wa 2 huu naumwa huku chini, kati ya sehemu za siri na haja kubwa, inachoma kama shoti ya umeme, nikikaa kubangua korosho nusu saa tu siwezi tena, nikisimama inapoa, hata nikikaa kwenye choo cha kukaa inapoa. Nimetibiwa UTI mara 4 na mkojo ukipimwa ni safi, juzi ndo daktari mwingine kasema ni neva. Baba watoto anaona nadeka. Kuna aliyepata nafuu?

shangazi_masasi: Pole mdogo wangu, hudeki kabisa. Mi ilinianza baada ya kujifungua. Hiyo neva ukikaa inabanwa, ndo maana. Nilikata sponji nikatoboa katikati nikawa nalikalia, bodaboda nikaacha. Nilipewa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, dozi ndogo usiku, ilichukua wiki kadhaa kuonyesha kazi kwa hiyo usikate tamaa mapema.

fizio_lindi: Dada, mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yale ya kubana kama unazuia mkojo, usifanye kwanza, wengi misuli imeshakaza, inatakiwa kulegezwa. Lala chali, vuta magoti kifuani, pumua taratibu kwa tumbo. Ulizia fiziotherapia (tiba ya mazoezi) hospitali ya Ligula au ile ya kanda Mitengo, zote hapo Mtwara. Ukiona ganzi sehemu za siri, au mkojo unagoma au unatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyohiyo!

mama_mikindani: Nimelia kusoma, asanteni. Leo usiku namsomea baba watoto. Sponji lipo, nakata sasa hivi.