Uyoga mamama una miguu mirefu na kofia ndogo, wote umepinda kuelekea mlangoni: ni mwanga au hewa?

mabua_na_maji
Wakuu, habari za kazi. Nina mifuko ya nailoni angavu, malighafi ni mabua ya mpunga. Utando mweupe (nyuzi za uyoga zinazotambaa kwenye mabua) umejaa vizuri, ila uyoga unatoka na mguu mrefu, kofia haizidi kifungo cha koti, rangi imepauka, na karibu wote umepinda kuelekea kwenye ufa wa mlango. Dirisha limezibwa kwa turubai. Wapo wanaosema uyoga unataka giza, wapo wanaosema mwanga. Naomba kujua: mwanga kiasi gani, rangi gani, uanze lini? Na nitatambuaje kama kosa ni la mwanga au la hewa?

Banda Bichi
Mkuu, hao wanazungumzia hatua mbili tofauti. Utando ukiwa bado unatambaa, acha giza. Mwanga ukipenya nailoni angavu wakati huo, vichwa (uyoga mchanga) vinachomoza ubavuni, kati ya nailoni na mabua, vinakosa pa kutokea na kuoza hukohuko. Mwanga unahitajika utando ukishajaa, siku unapotoboa mfuko. Kuanzia hapo upe saa 12 kwa siku, lux (kipimo cha mwanga) 500 hadi 1,000. Kama huna kipimo, simama katikati ya banda na gazeti: ukisoma bila kukaza macho, panatosha. Jua la moja kwa moja usiruhusu, linakausha vichwa vikiwa vichanga.

Hewa ndiyo inayochanganya watu. Utando unapumua na kutoa hewa ukaa, na hewa ukaa ikizidi, mguu unarefuka na kofia inadumaa, sura ileile ya uyoga wa gizani. Lenga chini ya sehemu 1,000 kwa milioni. Hewa ya nje ina zaidi kidogo ya 400. Kupinda kuelekea kwenye ufa ni dalili ya mwanga, lakini usihukumu kwa hilo tu, kwa sababu ufa huohuo ndio unaoingiza hewa.

Tenganisha hivi. Chagua mifuko 6 ya tarehe moja ambayo haijachomoza. Mitatu ipeleke barazani, kivulini, uifunike kwa kitambaa cheusi juu ya fito. Acha kitambaa kiwe juu kidogo ya sakafu ili hewa ipite chini. Mitatu ibaki chumbani humohumo, washa taa saa 12, usifungue chochote cha ziada. Umwagiliaji uwe sawa kwa yote. Ya barazani ikitoa miguu mirefu, ukosefu wa mwanga unatosha kukuharibia. Ya chumbani ikirefuka na taa inawaka, tafuta hewa. Zote zikirefuka, una kazi mbili.

nyuzi_za_kuvu
Kuhusu rangi: buluu. Uyoga haupiki chakula kwa mwanga kama majani. Kwake mwanga ni taarifa kwamba umefika nje. Kipokezi cha mwanga kilichochunguzwa kuliko vyote ni cha Neurospora crassa, kuvu ya rangi ya chungwa. Protini WC-1 na WC-2 hufanya kazi pamoja. WC-1 imebeba FAD, molekuli inayotokana na vitamini B2, nayo hunasa mwanga wa buluu, nanomita 450 hivi. Ikishanasa, ndani ya dakika chache jeni zinawashwa, zikiwemo za kutengeneza karotenoidi, yaani rangi ya chungwa.

Uyoga nao una protini za ukoo huo. Kwa Coprinopsis cinerea, uyoga unaochunguzwa sana maabara, jeni ya aina hiyo inaitwa dst1. Ikiharibika, uyoga uliowekwa mwangani unakua kana kwamba uko gizani: sehemu ya chini inarefuka, kofia inabaki changa. Linganisha na unachokiona kwenye mifuko yako.

Kwa hiyo taa nyekundu haifai. LED nyeupe za kawaida ndani yake kuna chipu ya buluu, zinatosha kabisa. Kati ya taa iliyoandikwa 6500K (nyeupe ya kibuluu) na 3000K (ya kimanjano) chukua 6500K. Zile taa ghali za zambarau za kuoteshea miche hazina sababu hapa.

Ushauri wa "uyoga unataka giza" una msingi kwa Agaricus bisporus, uyoga kifungo, ambao hutoa kofia nzuri bila mwanga. Mamama si huo.

Mwl. wa Biolojia
Niongezee kupinda, maana ni somo tamu. Max Delbrück, mshindi wa Nobeli wa 1969, alichunguza kwa miaka mingi kuvu iitwayo Phycomyces. Bua lake jembamba ni angavu na la mviringo, linafanya kazi ya lenzi: mwanga ukiingia upande huu unakusanyika kwenye ukuta wa upande wa pili, ukuta huo unakua haraka zaidi, bua linainama kuufuata mwanga. Lizamishe kwenye mafuta ya parafini, miale inatawanyika badala ya kukusanyika, na bua linainamia upande usio na mwanga.

Mguu wa mamama ni nyuzi nyingi zilizoshikana, usidhani lenzi hiyo imo humo. Funzo la bandani ni kwamba taa ya upande mmoja inainamisha fungu zima upande huo, na kofia zinabanana. Tundika taa katikati ya njia, ziangalie matundu ya mifuko ya pande zote mbili.

mabua_na_maji
Shukrani sana wakuu. Nimeondoa turubai, sasa mifuko miwili imeota kijani ubavuni. Mwanga ndio umeleta?

nyuzi_za_kuvu
Hiyo inaelekea kuwa Trichoderma, ukungu wa kijani unaovamia mifuko ya uyoga, na ilikuwa humo tayari. Utando wake ni mweupe, kwa macho unafanana na wa mamama. Rangi ya kijani ni mbegu zake, na mwanga wa buluu, hata wa muda mfupi tu, unaiamsha izitoe. Ukirudisha turubai utachelewesha kuiona, basi.

Toa mifuko hiyo leo, uifunge kwenye mfuko mwingine kabla ya kuivusha mlangoni, wala usiipasue ndani ya banda. Kisha kagua uchemshaji: maji yabaki nyuzi 70 hadi 80 kwa saa 1 au zaidi, na uweke jiwe juu ya mabua ili yazame yote. Yanayoelea hayapati moto wa kutosha, na mara nyingi kijani kinaanzia kwenye hayo.