Kwa nini uzi mmoja wa DNA unanakiliwa vipandevipande?

Mchora Ngazi:

Wakuu, habari zenu. Nimerudi kwenye biolojia nikiwa mtu mzima. Nasoma mwenyewe usiku watoto wakishalala, kwa hiyo sina mwalimu wa kumsumbua. Nawasumbua ninyi.

Jana nimechora urudufishaji wa DNA mara nne na mara zote mchoro umenigomea palepale. Ninachoelewa ni hiki: nyuzi mbili zimesokotana, zimeshikana kwa besi: adenini inakaa na timini, guanini na sitosini. Kimeng'enya helikasi kinazifungua kama zipu, kingine, polimerasi, kinapita kwenye kila uzi kikiweka besi mwenza. Hadi hapo mimi na kitabu tunaelewana. Halafu kitabu kinasema uzi mmoja mpya unajengwa mfululizo na wa pili unajengwa vipandevipande, kisha kimeng'enya ligasi kinaviunga, "kwa kuwa nyuzi zinaelekea pande tofauti". Kimemaliza, kimefungua sura nyingine.

Kwanza, uzi unaelekeaje? Una kichwa na mkia? Pili, hata kama unaelekea, kwa nini seli isiwe na polimerasi nyingine ya kwenda kinyumenyume? Ina vimeng'enya chungu nzima, hicho kimoja kiliishinda nini? Naomba nisijibiwe "ndivyo ilivyo". Hilo nimeshajibiwa.

Haraka Haraka:

Unajichosha bure. Kariri: uzi kiongozi mfululizo, uzi mfuasi vipande. Mwisho seli moja inachukua DNA ya zamani, nyingine inachukua mpya. Maksi zako zipo.

Mpimaji wa Zamani:

Haraka Haraka, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo itakayomnyima maksi. Mwaka 1958 Meselson na Stahl waliwalea bakteria kwenye naitrojeni nzito mpaka DNA yao yote ikawa nzito, kisha wakawahamishia kwenye naitrojeni ya kawaida. Baada ya kizazi kimoja walipopima hawakukuta DNA nzito na nyepesi zimetengana. Yote ilikuwa ya uzito wa katikati. Maana yake kila seli hupata uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya.

Sasa dada (au kaka, samahani), chukua kalamu mbili zenye vifuniko. Zilaze sambamba, moja kifuniko kikitazama kulia, nyingine kushoto. Hiyo ndiyo DNA. Uti wa uzi ni sukari na fosfeti zikipokezana, na kaboni za sukari zina namba. Kila fosfeti imeshika kaboni ya 5 ya sukari moja na kaboni ya 3 ya sukari jirani. Ukifika mwisho wa uzi, upande mmoja unakuta kaboni ya 5 haina jirani, upande mwingine ni kaboni ya 3. Kwa hiyo ndiyo, uzi una kichwa na mkia. Kifuniko cha kalamu kiite ncha ya 3.

Polimerasi inaongeza nyukliotidi (besi pamoja na sukari na fosfeti zake) kwenye ncha ya 3 ya uzi mpya, basi. Na haianzi hewani, lazima ikute kipande cha kushikia. Hili sikulijua kitabuni. Nimeendesha mashine ya PCR, ya kunakili DNA maabara, miaka kumi na moja, na siku moja nilijaza sahani nzima ya vishimo 96 nikasahau kuweka vianzio, yaani vipande hivyo vya kushikia. DNA ilikuwemo, nyukliotidi zilikuwemo, polimerasi ya bei mbaya ilikuwemo. Mashine ikazunguka karibu saa mbili. Kwenye jeli, ambapo DNA iliyonakiliwa huonekana kama mistari, hapakuwa na hata mstari mmoja. Mkuu wangu aliitazama, akanitazama, akaenda kunywa chai.

Kwenye seli kianzio ni kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA, kinachowekwa na kimeng'enya praimasi. Upande mmoja kianzio kimoja kinatosha, polimerasi inaifuata helikasi kwa nyuma. Upande wa pili polimerasi inakwenda ikiipa helikasi mgongo. Inajenga kidogo, inagota kwenye kipande kilichotangulia, na wakati huo zipu imefunguka zaidi, kwa hiyo kianzio kipya kinawekwa karibu na panda, pale nyuzi zinapoachana, na kazi inaanza upya. Vipande hivyo vinaitwa vya Okazaki, kwa jina la Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke wa Japani waliovionyesha miaka ya 1960. Kwa bakteria kila kimoja ni nyukliotidi kama 1,000 hadi 2,000, kwetu sisi ni 100 hadi 200 tu.

Swali lako la pili ndilo tamu. Nyukliotidi inayokuja huja na fosfeti tatu mgongoni. Mbili zinakatika, na nguvu inayotoka hapo ndiyo inayoiunga kwenye uzi. Kwa hiyo anayekuja hulipa nauli yake mwenyewe. Polimerasi ikikosea, ikaweka guanini mbele ya timini, ncha inalegea, kimeng'enya kinairudisha nyuma, kinaikata, kinajaribu tena. Ncha iliyobaki bado ni kaboni ya 3 iliyo tayari, na nyukliotidi inayofuata inakuja na nauli yake. Hakuna kilichoharibika.

Igeuze sasa. Uzi ukikua kwa kuongezwa kwenye ncha ya 5, fosfeti tatu zitakuwa zimekaa kwenye ncha ya uzi wenyewe, zikimsubiri anayekuja. Ikiwekwa besi yenye kosa na ukaikata, umeikata pamoja na nauli. Ncha inabaki haina nguvu, uzi umekwama hapohapo. Polimerasi ya kinyume ingekuwa fundi asiyeweza kufumua mshono wake.

Na kufumua si jambo dogo. Polimerasi ikiachwa bila kurudi nyuma hukosea takriban mara 1 kila nyukliotidi 100,000. Seli yako moja ina jozi za besi zaidi ya bilioni 6 za kunakili. Piga hesabu. Kurudi nyuma hupunguza makosa kama mara mia, kisha vimeng'enya vingine vya kukagua hupita nyuma yake mpaka linabaki kosa 1 hivi katika bilioni. Vipandevipande ni usumbufu, lakini ni usumbufu unaokuachia ufutio mkononi.

Mchora Ngazi:

Dada, ndiyo. Nimekaa na kalamu mbili mezani kama mwendawazimu na mchoro wa tano umekubali. Ya fosfeti tatu nimeisoma mara tatu.

Ila sasa umenipa tatizo jipya. Vianzio ni RNA, kwa hiyo lazima vitolewe na nafasi zijazwe DNA. Katikati ya uzi sawa, polimerasi itaanzia kwenye ncha ya kipande cha jirani. Lakini kipande cha mwisho kabisa, pale kromosomu (DNA nzima ya mkanda mmoja) inapoishia? Kianzio chake kikitolewa hakuna jirani nyuma yake. Pale si patabaki wazi? Au nimekosea kuchora tena?

Mpimaji wa Zamani:

Hujakosea. Panabaki wazi, na kromosomu inafupika kidogo kila seli inapogawanyika. Kwenye ncha zetu seli imeweka akiba isiyo na jeni, TTAGGG ikijirudia maelfu ya mara, inaitwa telomea. Kinacholika ni akiba hiyo. Seli za uzazi zina kimeng'enya telomerasi cha kuirefusha tena, kinatembea na kiolezo chake cha RNA ndani. Blackburn, Greider na Szostak walipata Nobel mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Seli nyingi za mwili mzima hazikitumii, au hukitumia kidogo sana.

Haraka Haraka:

Nimesahihishwa, nakubali. Lakini bakteria je? Anagawanyika usiku na mchana, mbona kromosomu yake haimaliziki?

Mchora Ngazi:

Ngoja nijaribu mimi. Kromosomu yake si ni duara? Duara halina ncha, kwa hiyo kila kipande kina jirani.

Mpimaji wa Zamani:

Kwa bakteria wengi, ndiyo. Chora na hilo.