Mama mkwe Kijerumani kinamtoka, kimebaki Kituruki. Naombeni ushauri

BintiPangani:
Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Nimeolewa na Mturuki, tunaishi Berlin. Mama mkwe alikuja huku 1970, kwenye ule mkataba wa wafanyakazi wa 1961 kati ya Ujerumani na Uturuki, akafanya kazi kiwandani. Mimi na yeye tumekuwa tukiongea Kijerumani siku zote. Mwaka jana aligundulika ana Alzaima, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na sasa amerudi kwenye Kituruki, ambacho mimi najua cha kununulia nyanya tu.

Hata hicho Kituruki, majina ya vitu yanamkimbia. Kila kitu ni "şey", yaani nanihii. Lakini viambishi anabandika sawasawa!

Kipimo cha kumbukumbu alifanyiwa kwa Kijerumani, mume wangu akitafsiri. Akapata 13 kati ya 30. Shule ya msingi hakumaliza. Tuyaamini majibu hayo? Na mimi nitaongea naye vipi? Jana kanishika mkono kaniongelesha wee, naitikia tu "evet, anne", yaani ndiyo mama, huku machozi yananilenga.

Nesi_Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Ugonjwa anaweza kuwa nao kweli, ila hizo 13 usizichukulie kama zilivyo. Lugha ya pili na shule kidogo vyote hushusha alama. Ombeni arudiwe kwa Kituruki. Kipimo hicho kipo, na kuna cha wasiosoma. Mkalimani awe wa kazi hiyo, asiwe mtoto wake, maana mtoto humsaidia mzazi bila kujua. Apimwe pia masikio, tezi ya shingo na vitamini B12.

MwalimuWaLugha:
Dada, ugonjwa huu huanza kula majina ya vitu, sarufi hukawia. Kituruki hubandika kama sisi, ila nyuma: ev-ler-imiz-de, "kwenye nyumba zetu". Mtu anaweza kukosa neno "nyumba" na hiyo mikia akaijua. Kwa hiyo jina mpe wewe, na kitu chenyewe akione. Usimuulize "unataka nini?"

Mdigo_wa_Tanga:
Bibi yangu mwishoni alibaki na Kidigo kitupu. Wajukuu waliojifunza walau maneno ya jikoni ndio aliokuwa akiwaita. Jifunze, dada. Na akikosea usimsahihishe.

BintiPangani:
Asanteni mno. Mume wangu kesho anampigia daktari. Mimi nimeweka glasi mbili mezani: "Çay mı, su mu?", yaani chai au maji? Kagusa ya chai. "Çay, kızım." Kızım ni binti yangu.